Maji Yakizidi Udongo: Kwa Nini Mmea wa Ndoo Hunyauka Ukiwa Umeloa

Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa korona sasa ni janga la dunia nzima, mbegu zilianza kuadimika. Kampuni ya Burpee ya Marekani, inayouza mbegu tangu 1876, ilisema mwezi huo iliuza mbegu nyingi kuliko wakati mwingine wowote katika historia yake. Waliofungiwa ndani walikuwa na muda, dirisha na ndoo isiyo na kazi. Wiki chache baadaye swali likawa lile lile kila mahali: mche ulikuwa mzuri, nimeumwagilia kila siku, mbona umenyauka?

Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Mwenye shamba la mbali hulimwagilia siku anayolifikia. Aliyefungiwa ndani hupita mbele ya ndoo yake mara kumi kwa siku, na kila akipita mkono unamwasha. Maji kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni. Juu panaonekana pamekauka, basi anaongeza. Chini pamekuwa kinamasi tangu juzi. Makosa mengine yapo na tutayafikia, lakini mengi yake yana undugu na hili: jinsi maji na hewa vinavyogombania nafasi ndani ya chombo kidogo. Ukishauona ugomvi huo, ushauri unaopingana unaosikika kila kona (mwagilia kila siku, usimwagilie kila siku, weka kokoto, usiweke) unaanza kujipanga.

Mzizi nao unapumua

Tumezoea kusikia kwamba mmea hutoa oksijeni. Jani hufanya hivyo, tena penye mwanga tu. Mzizi uko gizani na haujipikii; huletewa sukari kutoka juu na kuiunguza kwa oksijeni ili upate nguvu ya kukua na kuvuta madini. Oksijeni hiyo inatoka kwenye vitundu vilivyo kati ya chembe za udongo. Udongo ulio katika hali nzuri ni nusu tu kitu kigumu. Nusu nyingine ni nafasi, na maji na hewa huigawana karibu sawa kwa sawa.

Maji yakiijaza nafasi yote, hewa haina pa kukaa, na oksijeni hupenya ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyopenya hewani. Mizizi humaliza akiba iliyobaki, kisha vinyweleo vyake, ambavyo ndivyo vinavyonyonya maji, huanza kufa. Hapo mmea unaona kiu huku umesimama ndani ya maji. Majani yanalegea, mwenyewe anayaona, anachukua kopo na kuongeza mengine.

Kwa hiyo jani lililolegea peke yake halikuambii kitu. Inua chombo. Kikiwa chepesi, udongo umejitenga na ukingo na ncha za majani zimekauka kwa kukakamaa, hiyo ni kiu ya kweli. Kikiwa kizito, majani ya chini yamegeuka njano na kuwa laini, na ukinusa karibu na matundu ya chini unapata harufu ya maji ya mtaro, mmea unazama. Kuna na kulegea kwa tatu ambako hakuhitaji chochote: majani mapana ya maboga na matango hulegea saa saba mchana juani na kusimama yenyewe jioni.

Ukiwa bado na shaka, laza chombo ubavu, ushike shina kati ya vidole na utoe bonge zima. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya krimu, na ukiuvuta mmoja unakaza. Mzizi uliooza ni wa kahawia na unateleza. Ukiubana kwa kucha mbili na kuvuta, ganda linatoka kama soksi na kuacha uzi mwembamba katikati. Hakuna kipimo kinachozidi hicho.

Jaribio la sponji

Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweke hadi ishibe, kisha ishike ikiwa imelala bapa juu ya sinki. Itachuruzika, halafu itaacha. Usiikamue. Sasa igeuze isimame wima kwa urefu wake: maji yanaanza kutoka tena. Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo chake tu.

Udongo wa chomboni una tabia hiyo. Vitundu vyembamba hushikilia maji kama utambi wa taa unavyoshikilia mafuta, na uzito wa maji yenyewe ndio unaojaribu kuyashusha. Karibu na kitako, utambi unashinda. Hubaki tabaka lililoloa chepechepe ambalo halitoki hata ukitoboa matundu mia. Unene wa tabaka hilo hutegemea udongo: ukiwa laini sana ni mnene, ukiwa na chembe kubwa ni mwembamba. Hautegemei urefu wa chombo. Tuseme mchanganyiko wako huacha sentimita 6 za tope. Ndani ya beseni lenye kina cha sentimita 10, mizizi imebakiwa na sentimita 4 za kupumulia. Ndani ya ndoo ya sentimita 30, imebakiwa na 24. Ndiyo maana beseni bapa, ambalo kwa macho linaonekana litakauka upesi, ndilo linalozamisha mimea.

Ndiyo maana pia ule ushauri wa kutandika kokoto chini "ili maji yatoke" unafanya kinyume chake. Maji hayaachi vitundu vyembamba vya udongo na kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Tope ambalo lingekaa kitakoni sasa limepandishwa juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi, na wewe umepoteza sentimita tano za udongo. Kama matundu ni makubwa na udongo unamwagika, ziba kwa kipande cha chandarua. Kokoto zirudi zilikotoka.

Ndoo na kilichomo

Ndoo ya lita 20 inataka matundu 6 hadi 8, kila moja na kipenyo cha sentimita 1 hivi. Toboa kwa keekee au kwa msumari uliopashwa moto. Ukipigilia msumari wa baridi, plastiki hupasuka, na ufa huo utaendelea kurefuka. Mawili matatu kati yake yawe ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu sakafu ya saruji huziba matundu ya kitakoni kama kizibo. Njia nyingine ni kuinua ndoo juu ya vipande vitatu vya matofali. Kisahani cha chini kimwagwe nusu saa baada ya kumwagilia. Kikiachwa na maji, udongo unayanyonya kurudi juu na umerudi kwenye kinamasi. Chombo kilichowahi kubeba dawa za wadudu, mafuta ya gari au rangi kisitumike kwa kitu cha kuliwa, hata kikioshwa mara ngapi.

Ukubwa nao una hesabu yake. Mche mmoja wa nyanya ndefu, ile inayoendelea kurefuka na kuhitaji mti wa kuegemea, unataka lita 20. Nyanya fupi, pilipili hoho na biringanya hutosheka na lita 10 hadi 15. Mchicha, spinachi na letusi wanataka kina cha sentimita 15 hadi 20, karoti 25 hadi 30. Kosa linalojirudia ni kuweka miche miwili mitatu ya nyanya kwenye ndoo moja kwa kuhurumia kung'oa. Mmoja hapo ungezaa; mitatu itazaa majani. Na kabla hujapanga ndoo kumi kwenye roshani, kumbuka kwamba lita 20 za udongo uliolowa ni kilo 25 hadi 30. Zisogeze karibu na ukuta wa jengo, usizirundike ukingoni.

Cha kujaza ndani ndicho kinachoamua mengi. Udongo mzuri wa bustani, ukichimbwa na kumiminwa peke yake ndani ya ndoo, huacha kuwa mzuri. Ardhini ulikuwa na minyoo ya kuufungua, na chini yake udongo mwingine wa kuvuta maji. Ndani ya ndoo, baada ya kumwagiliwa mara kumi, umeshikamana kama keki. Mchanganyiko unaofanya kazi kwa mboga nyingi ni sehemu 2 za udongo tifutifu, sehemu 2 za mboji iliyoiva na kuchekechwa, na sehemu 1 ya kitu chenye chembe kubwa: mchanga mkubwa wa mtoni, pumisi (jiwe jepesi la volkano lenye vitundu) au perlaiti (punje nyeupe nyepesi zinazouzwa kwa bustani). Mchanga laini haufai. Ukichanganywa na udongo wa mfinyanzi unakaribia kuwa tofali. Mchanga wa pwani una chumvi. Nyuzi za nazi zinaweza kuchukua nafasi ya nusu ya udongo, lakini ziloweke na kuzisuuza mara mbili kwanza, maana nyingi huja na chumvi.

Lowesha mchanganyiko kidogo, chukua konzi moja, ukamue. Ukidondosha matone mengi, umelowa mno. Ukifungua kiganja na bonge likakaa, kisha likavunjika ulipoligusa kwa kidole, uko sawa. Likibaki gumu hata ukilibonyeza, ongeza chembe kubwa. Jaza hadi sentimita 3 au 4 chini ya ukingo ili maji yapate pa kusimama, gonga ndoo chini mara mbili, na usishindilie kwa ngumi. Kushindilia ni kutoa ile hewa uliyohangaika kuiingiza.

Mboji isiyoiva huleta balaa lake. Vijidudu vinavyomalizia kuiozesha hunyang'anya mmea naitrojeni, na majani yanapauka ingawa "mbolea ipo". Iliyoiva hunuka kama ardhi baada ya mvua, na huwezi kutambua ganda la ndizi lilikuwa lipi. Ukiwa na wasiwasi, lowesha konzi moja, ifunge kwenye mfuko siku tatu, kisha ufungue na kunusa: uchachu au amonia maana yake bado. Samadi mbichi huunguza mizizi na inaweza kubeba vijidudu vya magonjwa. Isikaribie kabisa mboga zinazoliwa bila kupikwa.

Wanaotengeneza mboji ndani ya ndoo wajue jambo moja. Lundo la mita moja kila upande hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 na kuua mbegu za magugu. Ndoo haipati joto hilo. Itaoza, ila kwa baridi na polepole, na mbegu ya nyanya uliyotupa humo itaota kwenye chungu cha maua. Weka sehemu 2 au 3 za vitu vikavu (majani makavu, karatasi iliyochanwa) kwa kila sehemu 1 ya maganda mabichi. Ikinuka mayai viza, imekosa hewa: pindua, ongeza vikavu. Ikikaa wiki nyingi bila kubadilika, ni kavu mno.

Kumwagilia bila kalenda

Chomeka kidole hadi sentimita 5. Kwa nyanya, pilipili na biringanya, subiri hadi kidole kirudi kikavu. Kwa mboga za majani, sentimita 2 au 3 zikikauka inatosha. Ukishaamua, mwagilia kweli: taratibu, ukizunguka uso wote, mpaka maji yatoke chini, kiasi cha moja ya kumi hivi ya uliyoweka. Halafu acha mpaka kidole kiseme tena. Baada ya wiki mbili za kidole, mkono unajifunza uzito na utaanza kuinua ndoo tu.

Kunywesha kidogo kidogo ndiko kubaya zaidi. Huloweka sentimita chache za juu, mizizi inabaki huko juu kwenye joto, na chumvi za mbolea hazipati kusombwa, mpaka uso wa udongo unaota ukoko mweupe.

Hakuna idadi ya siku. Nyanya iliyozaa, juani, siku ya upepo, inaweza kumaliza maji ya ndoo asubuhi na kudai tena jioni. Mche huo huo ulipokuwa na majani manne, kwenye wingu, ungekaa siku tano. Anayekuambia "kila siku ya pili" anazungumzia ndoo yake.

Kuna mtego mmoja wa upande wa pili. Mchanganyiko wenye nyuzi nyingi za nazi au mboji nyingi ukikauka kupita kiasi, hukataa maji. Unamwagilia, maji yanakimbilia ukingoni na kutoka chini mara moja, unaridhika kuwa ndoo imeshiba, kumbe katikati ni vumbi. Dawa yake ni kukizamisha chombo kwenye beseni la maji nusu saa hadi mapovu yakome. Uso wa udongo ukitandazwa majani makavu, unene wa sentimita 3, hali hiyo hutokea mara chache. Yasiguse shina tu.

Jicho linadanganya kuhusu mwanga

Mmea huvuta maji kwa sababu majani yanayapoteza, na kinachoyaendesha majani hasa ni mwanga. Penye mwanga hafifu mmea hunywa kidogo, udongo hukaa umeloa muda mrefu, na kipimo kile kile cha maji kilichokuwa sawa nje kinageuka mafuriko ndani. Mwanga na maji ni hesabu moja.

Tatizo ni kwamba jicho hujirekebisha. Juani saa sita mchana kuna laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi. Sebuleni, ambako unasoma gazeti bila shida, kuna mia chache tu. Kwako ni tofauti ndogo. Kwa nyanya ni tofauti ya shibe na njaa. Ili kujua mahali pako, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ndoo, mchana, na unyooshe kiganja sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye ukingo mkali kinamaanisha mwanga wa kutosha kwa mazao ya matunda, iwapo unadumu saa 6 hadi 8. Kivuli chenye ukungu kinafaa mboga za majani, nanaa na kotimiri, ambazo huridhika na saa 3 au 4 za jua. Kivuli kikiwa hakionekani vizuri, hapo si pa kupanda chakula.

Mche uliokosa mwanga hurefuka, unakuwa mwembamba na mweupe, kisha unaanguka. Wengi huusoma urefu huo kama ukuaji na kufurahi. Taa ya kawaida ya LED nyeupe, ikining'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya miche kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, huzuia hilo. Taa ya dari haizuii, iko mbali mno. Mche wa nyanya uliokwisha kurefuka unaokoleka: upandikize kwa kuuzika hadi karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusana na udongo. Usijaribu hivyo kwa letusi, moyo wake utaoza.

Mche uliolelewa ndani usitolewe juani siku moja. Majani yake ni laini na yatatokea mabaka meupe yaliyoungua, ambayo watu huyadhania ugonjwa. Siku ya kwanza saa moja ya kivuli chepesi, kisha ongeza kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Mbegu, na kinyausi

Zika mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake, usizidishe. Mbegu ya letusi inapenda mwanga, inyunyizie udongo mwembamba kiasi cha kuificha tu, na kukiwa na joto la kupita nyuzi 30 hugoma kuota. Watu huilaumu mbegu. Nyanya huota siku ya 5 hadi 10 kwenye nyuzi 20 hadi 30, figili siku ya 3 hadi 5, karoti huchukua hata wiki tatu, na udongo wake usikauke hata mara moja katika muda huo. Pilipili ni za taratibu, usifukue kuangalia.

Mbegu za zamani zilizokutwa kabatini zipimwe. Panga kumi kwenye karatasi laini iliyolowa, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke penye joto. Zikiota sita, panda karibu mara mbili ya ulivyokusudia. Za vitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili. Za nyanya hukaa miaka minne na zaidi.

Miche ikiota vizuri halafu siku ya nne ikaanguka mmoja baada ya mwingine, shina likiwa limenyong'onyea usawa wa udongo kama lililobanwa na uzi, hicho ni kinyausi. Vimelea kama Pythium na Rhizoctonia ndivyo vinavyohusika, navyo hustawi penye maji mengi, hewa iliyotulia na miche iliyosongamana. Mche ulioanguka haurudi. Iliyobaki unaweza kuinusuru: fungua kifuniko, punguza msongamano kwa mkasi bila kung'oa, acha uso ukauke kidogo na mwagilia kutokea chini. Mwanzo mpya utumie udongo mpya na vyombo vilivyooshwa. Trei za mayai za karatasi, zilizopendwa sana wakati wa kufungiwa ndani, zinafyonza maji na kukaa zimeloa ubavuni kwa siku nyingi. Vikombe vya mtindi vilivyotobolewa ni bora zaidi.

Jikoni kuna mbegu pia, na kuna ndoto. Maharage makavu huota. Giligilani nzima ya viungo huota, ukiiponda kidogo igawanyike mara mbili, maana kila kidonge kina mbegu mbili. Vitunguu vya majani, ukiacha sentimita 4 zenye mizizi na kuvisimamisha kwenye maji, huchipua ndani ya wiki, lakini hiyo ni akiba yake ya mwisho. Baada ya kukata mara moja au mbili vihamishie udongoni. Kichwa cha karoti hakitoi karoti nyingine, kitatoa majani. Nyanya ya dukani mara nyingi ni chotara, na mbegu zake huzaa matunda yasiyofanana na mama yao. Kokwa la parachichi litakupa mti mzuri wa kuangalia kwa miaka mingi kabla ya tunda la kwanza.

Mbolea, na nyanya inayooza kitako

Kila maji yanapotoka chini yanabeba madini. Mchanganyiko wenye mboji nzuri hulisha mmea kwa wiki 4 hadi 6, baada ya hapo ndoo inahitaji kulishwa. Mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, kila wiki moja au mbili, kwenye udongo ambao tayari una unyevu, inatosha. Naitrojeni ikizidi, nyanya inakuwa kichaka cha kijani kizito bila ua. Ncha za majani zikiungua na kuna ukoko mweupe, pitisha maji mengi mara moja, kama mara mbili ya ujazo wa chombo, yatoke yote, kisha pumzisha mbolea mwezi mmoja.

Baka jeusi lililobonyea kwenye kitako cha nyanya halitokani na mdudu wala kuvu. Ni kalsiamu iliyoshindwa kufika. Kalsiamu husafiri na maji tu, na udongo unaokauka kabisa kisha kufurika unakata safari hiyo. Tunda, lisilopoteza maji mengi kama jani, ndilo linalokosa. Mara nyingi udongoni kalsiamu imejaa. Ndiyo maana maganda ya mayai yaliyopondwa, dawa inayopendwa kuliko zote, hayasaidii zao la msimu huu: huyeyuka polepole mno. Kinachosaidia ni ndoo kubwa, matandazo, na maji yasiyoyumba. Tunda lililooza litoe. Yanayofuata yatakuwa mazima.

Maua ya nyanya yakidondoka bila kufunga, angalia kama upepo na nyuki wanafika kwenye roshani yako. Ua lake lina dume na jike pamoja, linahitaji kutikiswa tu: gonga kikonyo kwa kidole mchana kila siku, au kiguse kwa mgongo wa mswaki wa umeme. Mchana ukiwa wa nyuzi 35 au usiku chini ya 13, hata ukitikisa, chavua haifanyi kazi. Maboga ni habari nyingine: maua ya kwanza huwa madume matupu, usihangaike nayo.

Visubi weusi wadogo wanaoruka ukigusa ndoo ni taarifa kabla ya kuwa wadudu waharibifu. Mabuu yao huishi kwenye sentimita chache za juu, panapobaki pamelowa siku zote. Acha hapo pakauke kati ya kumwagilia na kumwagilia, tega karatasi za njano zenye gundi kuwanasa wakubwa, na endelea wiki nne, maana kizazi kimoja huchukua wiki tatu hadi nne. Ukiacha wiki ya pili kwa kuona wamepungua, watarudi.

Mmea uliokwisha kuzama

Usiongeze mbolea, mizizi iliyokufa haili. Toa bonge zima, liweke juu ya magazeti makavu kivulini usiku mmoja, yanyonye maji. Kata mizizi yote ya kahawia kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti, na punguza majani kwa kadiri ya mizizi uliyokata. Panda kwenye mchanganyiko mpya ndani ya chombo kinachozidi bonge kwa sentimita 2 au 3 tu kila upande. Hapa huruma huponza tena: watu huupa mgonjwa ndoo kubwa, na udongo ule mwingi usio na mizizi ya kuunyonya unakaa umeloa wiki nzima. Mwagilia mara moja, uweke penye mwanga bila jua kali, na usiguse mpaka kidole kirudi kikavu.

Nyanya, pilipili na miti midogo inastahili kazi hiyo, mradi nusu ya mizizi bado ni myeupe. Jani jipya likichomoza katikati baada ya siku kumi au kumi na nne, mizizi imeshika. Mchicha na letusi usiwauguze. Ng'oa, anika udongo juani, ongeza mchanga mkubwa, panda tena; ndani ya wiki nne au tano utakuwa unavuna majani, wakati yule mgonjwa bado angekuwa anatafuta mzizi.